Oili ya Injini kwa Subaru za Tabo za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwenye Impreza WRX, STI, Forester au Legacy yenye tabo na injini ya EJ20 au EJ25. Maswali nimeyaokota kwa watu wanaonisimamisha sheli, gereji na kwenye simu tangu ninunue WRX yangu ya 2002 hapa Arusha. Mengine nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nilianza kujibu kwa kunakili na kubandika, ndipo nikaona heri niyaandike yote sehemu moja. Kama una Altezza, Chaser au Evo, soma swali la 26 kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, niweke oili gani?

Kama injini ni nzima, haijaongezwa nguvu, na unaendesha mjini pamoja na safari za kawaida, weka 5W-40 ya sintetiki iliyoandikwa ACEA A3/B4 na API SN au SP (alama za ubora za Ulaya na Marekani, soma swali la 5). Badilisha kwa wakati (swali la 13), pima kijiti kila wiki (swali la 14). Wengi wenu mnaweza kuishia hapa mkaenda zenu.

Injini iliyochoka ina habari yake kwenye swali la 8, na gari linalokimbizwa kwelikweli liko swali la 11. Kuhusu chapa, sina chapa ya kukuuzia. Nimeshuhudia EJ ikishushwa ikiwa na oili ya bei ghali kabisa ndani yake, tatizo likiwa kwamba oili hiyo ilibaki lita mbili badala ya nne.

2. Namba kama 5W-40 zina maana gani?

Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyopita injini ikiwa baridi. Vipimo vyake ni vya nchi za theluji: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ni mnato injini ikiwa imepata moto, kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 iko kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9.

Kuna dhana kwamba 5W-40 ni nyepesi ikiwa baridi halafu inakuwa nzito ikipata moto. Sivyo. Oili zote huwa nzito zikipoa na nyepesi zikipata moto, kama samli. 5W-40 ya asubuhi, kabla hujawasha, ni nzito mara nyingi kuliko ileile ikiwa na nyuzi 100. Namba mbili zinaonyesha tu kwamba haibadiliki vibaya sana kati ya pande hizo mbili.

Ipo na namba ya tatu ambayo haiandikwi mbele ya dumu: HTHS, yaani mnato kwenye nyuzi 150 oili ikiwa inabanwa na kusagwa kwa kasi, kama inavyobanwa ndani ya beringi za konrodi. Oili ya 30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Oili yenye alama ya ACEA A3/B4 lazima iwe 3.5 au zaidi. Kwa injini inayojulikana kwa kuua beringi, mimi huitazama hiyo kabla ya kutazama bei.

3. Huku hakuna theluji. W inanihusu nini?

Inakuhusu kidogo kuliko Mjapani wa Hokkaido, lakini inakuhusu. Arusha mwezi wa saba asubuhi ni nyuzi 11 au 12, na Limuru, Njombe na Makete ni kama huko au chini zaidi. Kwenye joto hilo 20W-50 inachelewa kufika juu kwenye kamshafti na nyuma kwenye tabo, na wewe ndio kwanza unawahi kazini. Dar, Tanga na Mombasa tofauti hiyo ni ndogo, ila haipotei. Sehemu kubwa ya kuchakaa kwa injini ni dakika zile za mwanzo kabla oili haijashika joto.

4. Kitabu cha gari kinasema 5W-30. Unanipotosha?

Kitabu hakijakosea. 5W-30 ilichaguliwa kwa hali ya hewa ya Japani na Marekani, na kwa kubana matumizi ya mafuta. Ila wengi husoma mstari wa kwanza wakafunga kitabu. Vitabu vya Subaru vya soko la Marekani vya miaka ile vina aya nyingine chini yake: gari likitumika jangwani, sehemu za joto kali au kwa kazi nzito kama kuvuta trela, vinaruhusu 10W-50, 20W-40 na hata 20W-50. Foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kimewashwa na tabo ina moto, mimi naihesabu kazi nzito.

5W-30 yenye HTHS ya 3.5 pia zipo, nazo ni nzuri. Tatizo ni kuzipata. Nyingi zilizoko madukani kwetu ni zile nyepesi za magari mapya.

5. Nyuma ya dumu kuna herufi nyingi. Nisome zipi?

Tatu tu: SAE (uzito), API na ACEA. API ya petroli huanza na S, na herufi ya pili hupanda kadiri miaka inavyosonga: SL ni ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. Gari lililoandikwa SG au SJ linapokea hizi za juu bila shida. Ukiona dumu lina SF, liache kwa mashine ya kusaga.

SP ilikuja na kinga dhidi ya mlipuko wa mapema unaovunja pistoni kwenye injini ndogo za tabo zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. EJ hupulizia kwenye njia ya hewa, kwa hiyo faida hiyo haikuhusu. SN nzuri ni sawa na SP kwa kazi yako. Usilipe zaidi kwa sababu ya herufi peke yake.

Kuna na suala la zinki na fosforasi, vitu vinavyolinda chuma kinaposuguana na chuma. Viwango vipya vimebana fosforasi isizidi sehemu 800 kwa milioni ili kulinda katalisti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), lakini mbano huo ni wa oili nyepesi, za 30 kushuka chini. Uzito wa 40 na 50 haukubanwa hivyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kunifanya nipende 40 kwenye gari la zamani.

6. Sintetiki, nusu sintetiki au ya madini?

Sintetiki, kwa sababu ya tabo. Tabo ya EJ iko karibu na ekzosi, na ukizima gari ghafla, oili iliyobaki kwenye shafti yake inakaangika. Oili ya madini huacha masizi magumu kama ukoko wa wali. Sintetiki huvumilia zaidi.

Ujue tu kwamba neno "sintetiki" kwenye dumu halina maana moja. Kuna zinazotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana, na kuna zilizoundwa maabara tangu mwanzo. Castrol na Mobil waligombana juu ya hilo Marekani, na mwaka 1999 chombo cha kusuluhisha matangazo kikaipa haki Castrol: hata zile zilizosafishwa sana zikaruhusiwa kuitwa sintetiki. Kwa gari la mtaani zote zinatosha. Nusu sintetiki ya 10W-40 nayo inafaa kama utabadilisha mapema, kila kilomita 3,500 hadi 4,000.

## Kulingana na hali ya injini yako

7. Fundi anasema gari la zamani huwekwa 20W-50. Nimwambieje?

Usimdharau. Amejifunza kazi kwenye Peugeot 504, Datsun na Land Rover, na huko 20W-50 ilikuwa oili halali ya nchi za joto. Injini yako imejengwa kwa vipimo vingine.

Tazama tofauti yenyewe. Kwenye nyuzi 40, 5W-40 ya kawaida ina sentistoki kama 85, na 20W-50 ya madini ina kama 160. Ukiwasha asubuhi, pampu inasukuma kitu kizito karibu mara mbili. Presha inapanda haraka, vali ya kupunguza presha inafunguka, na sehemu ya oili inarudi ilikotoka bila kufanya kazi. Geji inasoma juu, fundi anafurahi, kumbe kule mbali oili inafika kwa kusuasua. Na kama injini yako ina AVCS, yaani inageuza kamshafti kwa nguvu ya oili kupitia vali ndogo ya umeme, hapo uzito wa oili ni sehemu ya utendaji wenyewe.

Ila nikikwama Karatu usiku, kijiti kinaonyesha chini na duka lina 20W-50 peke yake, naweka 20W-50. Oili isiyo sahihi ni nafuu kuliko kukosa oili.

8. Injini inakula oili. Nizidishe uzito?

Kwanza pima inakula kiasi gani. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, halafu ongeza kwa kipimo hadi pale pale. Nusu lita kwa EJ ya tabo yenye umri huu mimi sijali. Lita nzima ni dalili, na uzito wa oili hautaitibu.

Kabla ya kununua oili nzito kagua vya bei rahisi: gasketi za vifuniko vya vali, ambazo kwenye EJ hudondoshea juu ya ekzosi (ndiyo ile harufu inayoingia ndani ukisimama kwenye taa), bomba za kupumulia injini, na vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa injini uchomwe). Ukimaliza hapo, jaribu 10W-40 kisha 10W-50, hatua moja moja. Oili za A3/B4 pia zina ukomo mkali zaidi wa kiasi kinachoruhusiwa kugeuka mvuke, asilimia 13, na hilo peke yake wakati mwingine linapunguza ulaji.

EJ25 ina ugonjwa wake wa kuvunjika kingo za pistoni pale ringi zinapokaa. Kama ulaji umeanza ghafla na silinda moja ina kompresheni ndogo, acha habari za oili, kapime.

9. Asubuhi nikiwasha kunatoka moshi wa bluu halafu unaisha.

Silinda za injini hii zimelala, kwa hiyo oili kidogo hubaki ndani usiku, hasa ukiegesha penye mteremko. Moshi wa sekunde chache usikunyime usingizi. Moshi unaotoka ukikanyaga mafuta ni ringi. Ule unaotoka baada ya kusimama kwenye foleni kisha ukaondoka, shuku sili za vali au tabo.

10. Nikihamia sintetiki, injini ya zamani itaanza kuvuja?

Inaweza, lakini oili haikutoboa kitu. Uchafu uliojikusanya miaka kumi ulikuwa umeziba sili iliyokwisha kufa. Sintetiki ikausafisha, tundu likaonekana. Kama injini ni safi ndani (fungua kifuniko cha kujazia oili umulike na tochi), hama bila wasiwasi. Kama kuna tope jeusi, hama taratibu: badilisha mara mbili za kwanza kila kilomita 2,000, filta mpya kila mara. Dawa za kusafishia ziko swali la 17.

11. Nakimbiza gari, au nashiriki mashindano. Nibadilishe nini?

Safari Rally imetuharibu. Impreza ilishinda 1996, 1997 na 2000, na tangu hapo kila mwenye WRX anaona barabara ya vumbi ni urithi wake.

Kinachoamua ni joto la oili, si kasi. Funga geji ya joto la oili, ya presha pia ukiweza. Gari langu kwenye lami tambarare hukaa nyuzi 95 hivi. Nikipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwa haraka, hufika 112. Hadi 115 nabaki na 5W-40. Kama yako inapita 120 mara kwa mara, nenda 10W-50 au 15W-50 sintetiki, na fikiria kipozea oili. Injini iliyofungwa makusudi kwa nafasi kubwa za beringi pia inataka 50. Muulize aliyeifunga alipima ngapi, na kama hakupima, hilo ni tatizo lingine.

Siku ya mashindano kijiti kiwe alama ya juu kabisa. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na kubaki kwenye kichwa cha injini, na bomba la kunyonyea hubaki linanyonya hewa. Bomba hilo la kiwandani pia hujulikana kupasuka kwenye kiungo chake. Ukishusha sampu (beseni la oili chini ya injini) kwa sababu yoyote, badilisha.

12. Imetoka kufanyiwa ovahoo. Sintetiki tangu mwanzo?

Hapana. Weka ya madini, 10W-30 au 10W-40, ringi zikae. Mwaga baada ya kama kilomita 100, tena kwenye 1,000, ndipo uhamie oili ya swali la 1. Usiliache gari likinguruma tu palepale; ringi zinataka mzigo, liendeshe kwa kupanda na kushuka, bila kufika mwisho wa resi.

## Kubadilisha na kupima

13. Kila kilomita ngapi?

Kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Dumu likisema 15,000 halijui unaishi wapi.

Hesabu kwa saa utaelewa. Kilomita 5,000 za barabara kuu kwa mwendo wa 80 ni saa 62 na nusu za injini. Kilomita hizo hizo kwenye foleni, kwa wastani wa 20 kwa saa, ni saa 250. Kibandiko cha fundi kinaandika namba moja kwa wote wawili. Mwenye safari fupi za shule na soko, ambaye injini haipati moto sawasawa, ashuke hadi 4,000, kwa sababu petroli na unyevu hubaki ndani ya oili. Gari lililoegeshwa mwaka mzima nalo limwagwe oili hata kama limetembea kilomita 600 tu.

14. Inaingia lita ngapi, na mbona kijiti kinanidanganya?

Lita 4 hadi 4.5 pamoja na filta, kutegemea mwaka. Mimina 4 kwanza, washa, zima, subiri, kisha malizia kwa kijiti.

Kijiti cha EJ kweli ni mwongo. Oili hung'ang'ania kwenye bomba lake, ukichomoa unaona upande mmoja umejaa na mwingine uko chini. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare, futa, rudisha, chomoa, na amini upande unaosoma chini. Kati ya alama mbili ni kama lita moja. Ikiwa kwenye alama ya chini tayari una pungufu ya robo ya oili yote, usiseme "bado ipo".

15. Filta yoyote inayoingia ni sawa?

Kuingia si hoja. Nyuzi zake za kufungia ni za kawaida na filta za magari mengine zinaingia. Ndani ya filta kuna vali inayoruhusu oili kupita bila kuchujwa presha ikizidi, na Subaru waliiweka ifunguke kwenye psi kama 23, juu kuliko filta nyingi za madukani. Filta yenye vali laini huacha oili chafu ipite kila ukikanyaga. Nunua ya Subaru yenyewe, au ya kampuni inayoandika presha hiyo kwenye karatasi zake.

Subiri ekzosi ipoe kabla ya kuifungua. Filta imezungukwa na bomba za ekzosi pande zote, na nina alama ya ukumbusho kwenye mkono wa kulia.

Filta ya zamani usiitupe kabla ya kuikata na kutazama karatasi yake juani. Tumia kopo-kata, maana msumeno huacha unga wake wa chuma ukakupa presha ya bure. Vumbi kidogo ni kawaida. Vipande vinavyometameta ambavyo sumaku haivivuti ni beringi.

16. Niangalie nini fundi akimwaga oili?

Angalia amefungua nati ipi. Chini ya Subaru kuna nati ya injini mbele, karibu na filta, na nyuma yake kuna ya giaboksi au difu ya mbele. Mwaka wa pili wa gari langu nililiacha kwa fundi mmoja nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kazi imekwisha, oili iliyomwagwa iko kwenye beseni. Ikanishangaza: nene, rangi ya asali, na inanuka kiberiti. Ile ilikuwa oili ya giaboksi. Injini ilikuwa na oili yake yote ya zamani na lita nne mpya juu yake, na giaboksi kavu. Ningewasha na kuondoka, ningeharibu vyote viwili kwa malipo ya sevisi moja.

Kwa hiyo simama hapo hapo. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia na nyepesi. Nati yake ni ya spana 17, na wosha yake ni ya kuminyika mara moja: inunuliwe mpya kila sevisi, ni bei ya andazi.

17. Nisafishe injini kwa dawa kabla ya kubadilisha?

Usifanye, hasa kama kuna tope. Dawa hubomoa uchafu kwa mabonge, na mabonge huenda kwenye chujio la kunyonyea na kwenye kitu cha swali la 18.

18. Kuna chujio dogo kwenye bomba la oili ya tabo. Nilitoe?

Kwenye injini nyingi za EJ zenye AVCS, boliti inayoleta oili kwenye tabo ina chujio la waya dogo kama ncha ya kidole. Likiziba, tabo inakufa kiu huku geji ya presha inasoma vizuri kabisa. Wengine hulitoa moja kwa moja. Mimi nalibadilisha kila nikifikia kazi ya karibu yake, na kila ninaponunua gari ambalo historia yake siijui.

## Dukani

19. Nitajuaje kama oili ni feki?

Feki ninazozijua ni za aina mbili: oili chafu iliyochujwa na kuwekwa kwenye dumu lililotumika, na oili ya bei rahisi yenye lebo ya bei ghali. Kagua kifuniko kama kina pete iliyo mzima na karatasi ya ndani iliyobanwa sawasawa. Namba ya toleo ichapwe kwenye plastiki yenyewe, si kwenye lebo tu. Alama ya TBS au KEBS iwepo, ingawa hata hiyo hubandikwa. Nunua kwa wakala anayetoa risiti, na ukizunguka Gerezani au Kirinyaga Road ukakuta nusu ya bei ya wakala, jiulize nusu nyingine imeenda wapi.

Ukimaliza kutumia dumu, litoboe. Dumu zima lenye kifuniko kizuri lina wanunuzi wake.

20. Naweza kuchanganya chapa mbili?

Kwa kuongeza, ndiyo. Oili za viwango vya API hutakiwa kuchanganyikana. 5W-40 na 10W-40 zikikutana hazigombani. Usiifanye mazoea tu, maana utapoteza hesabu ya ulichonacho.

21. Oili ya dizeli 15W-40 ya malori je?

Kama dumu limeandikwa CI-4/SL au CI-4/SM, limepimwa kwa petroli pia, na litakufikisha. Kwa tabo inayofanya kazi kila siku narudi kwenye swali la 1.

22. Viongezo vya kumiminia juu ya oili?

Vingi ni vya kuongeza unene. Kama unataka oili nene, nunua oili nene.

## Kesi za pembeni

23. Taa ya oili inawaka nikiwa nimesimama, nikikanyaga inazima.

Zima sasa. Taa hiyo huwaka presha ikishuka hadi psi 2 hivi, wakati injini nzima yenye oili ya nyuzi 80 hutakiwa kuwa na psi 14 ikinguruma taratibu na 43 kwenye mizunguko 5,000. Ikiwaka, umeshapita eneo la onyo. Pima kijiti. Kama oili ipo, fundi afunge geji ya mkono mahali pa sensa kabla ya kulaumu sensa. Kama inagonga pia, iite breakdown. Kila mita utakayotembea inaongeza bei ya kranki.

24. Oili imekuwa nyeusi wiki mbili tu baada ya kubadilisha.

Inafanya kazi yake. Inabeba uchafu badala ya kuuacha ukutani. Wasiwasi ni rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni maji. Ikiwa ni ute kidogo tu chini ya kifuniko cha kujazia msimu wa baridi, ni mvuke. Ikiwa kwenye kijiti pia, maji ya rejeta yameingia. Ikinuka petroli na kijiti kinapanda chenyewe, kagua nozeli, kisha mwaga.

25. Tabo taima ni lazima?

Tabo za EJ hupozwa kwa maji pia, kwa hiyo kama umetembea polepole kilomita ya mwisho, zima tu. Ukitoka kwenye kasi moja kwa moja hadi sheli, ipe dakika moja ingurume taratibu.

26. Gari langu si Subaru. Haya yananihusu?

Sehemu ya kwanza na ya dukani, yote. 1JZ-GTE ya Chaser na 4G63 ya Evo ni injini za tabo za kizazi hicho hicho, na 5W-40 ya A3/B4 ndiyo ningeanzia. Altezza ya 3S-GE haina tabo lakini inapiga mizunguko mingi na ina VVT-i (ya Toyota, kazi yake kama AVCS), hivyo usiitwishe 20W-50. Lita, filta na nati za kumwagia tafuta za gari lako.

27. Oili niliyoimwaga niifanyie nini?

Isiende mtaroni. Iweke kwenye dumu ulilokwisha kutoboa juu. Mafundi wa mbao hupaka nguzo dhidi ya mchwa, na baadhi ya sheli huzikusanya. Kabla ya kuitoa, ipime lita. Ziliingia nne, zimetoka tatu na robo: hapo umeshajua jibu la swali la 8.